Benki nayo imeingia ndani ya telefone: koperative inapata nini?

Kuko ulizo moja lenye kurudia katika mikutano ya koperative za kawa, za kakao, hata za maharagi: benki nazo sasa zinatoa feza ya telefone, sawa na Vodacom, Airtel na Orange. Watu wanauliza: "Tuache ile tuliyozoea, tuende kwa benki, ao tubakie?" Wengine wanauliza kwa ukali zaidi: "Kama benki imetuacha miaka yote bila hata ofisi moja ku kijiji, leo inatafuta nini kwetu?"

Hili ulizo la pili njo lenye uzito, na tutaanzia hapo. Mtu akijua kila mmoja anakula wapi, ataona mwenyewe feza gani aweke kwa nani.

Nani alitangulia, na kwa nini

Feza ya telefone yenye watu wengi wanajua ilianzia Kenya. Ni kampuni Safaricom ilifungua M-Pesa mwezi wa tatu 2007. Hapa Congo, Banki Kuu iliandika masharti ya feza ya elektroniki mwaka 2011, na mwezi wa kumi na moja 2012 Vodacom ikafungua M-Pesa yake. Airtel Money ilikuwa njiani pia miaka ileile. Orange, yenye kununua Tigo mwaka 2016, iko na Orange Money.

Benki zilikuwepo mbele yao wote. BCDC, kwa mfano, asili yake ni benki ya wakati wa Wabeljiji, iliyoanzishwa 1909. Kwa nini basi kampuni za telefone zikapita mbele? Kwa sababu ya muuza unite. Inchi yetu iko na kilometre za mraba zaidi ya 2 300 000, na benki zilijenga ofisi zao mu miji mikubwa na pale kuko mine. Lakini mtu wa kuuza unite, mwenye kameza kadogo na parasol, alikuwa tayari amefika hata kwenye soko lenye kukaa siku moja kwa juma. Kampuni ikamwambia: kutoka leo utapokea feza na kutoa feza. Kwa siku moja, yule kijana akawa kama dirisha la benki. Benki ingehitaji nyumba, umeme, walinzi na barabara ya kupitisha gari la feza ili kufika palepale.

Kuko jambo moja hapa lenye wengi hawajue. Ukimpa ajenti 10 000 FC, anazitia mfukoni mwake, kisha anakutumia 10 000 FC kutoka ndani ya telefone yake. Zile za telefone si hewa. Kampuni inalazimishwa na Banki Kuu kuweka feza ya kweli, yenye kulingana na zile za wateja wote, ndani ya benki. Kwa hiyo feza yenu ya M-Pesa ao ya Airtel Money, toka mwanzo, inalala benki. Benki zilikuwa zinashika gunia, lakini hazikujua majina ya wenye mali. Majina, namba na mazoea ya kila mteja vilibaki kwa kampuni ya telefone, na yeye njo mwenye kukata komisyo kila mara feza inatembea.

Benki zikaona hilo, zikachoka.

Equity na Safaricom: vita ya kadi nyembamba

Mfano wenye kufundisha zaidi ni ule wa Equity Bank ya Kenya, na unatugusa sisi kwa sababu ile benki iko hapa kwetu. Mwaka 2015 kundi la Equity lilinunua sehemu kubwa ya ProCredit Bank Congo. Mwaka 2020 likanunua sehemu kubwa ya BCDC, kisha zile mbili zikaunganishwa, zikaitwa EquityBCDC.

Kule Kenya, Equity ilijaribu kwanza urafiki. Mwaka 2010 ilifungua pamoja na Safaricom konti yenye kuitwa M-Kesho: mtu aliweza kuhamisha feza kutoka M-Pesa kwenda benki na kurudisha. Ule urafiki haukudumu. Benki nyingine, CBA, ikachukua nafasi: mwaka 2012 ikatoa na Safaricom huduma ya M-Shwari, akiba na mikopo midogo ndani ya M-Pesa.

Equity ikachukua njia ingine. Ikaomba ruhusa ya kuwa yenyewe kampuni ya telefone. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ikaipa, kwa jina la kampuni yake ndogo Finserve. Haikujenga minara. Ilikodi rezo ya Airtel, na ikaita huduma yake Equitel. Shida ilikuwa hii: nani atatupa SIM yake ya Safaricom ili atie ya Equitel? Watu wengi walikuwa na telefone yenye nafasi ya SIM moja tu. Basi benki ikaleta kadi nyembamba sana, kama karatasi, yenye kubandikwa juu ya SIM yenye mtu anayo. Telefone moja, namba mbili.

Safaricom ikakataa kwa nguvu. Ikasema ile kadi inaweza kusoma siri za SIM ya chini yake, na feza ya wateja itakuwa hatarini. Mambo yakafika kwa wakubwa wa mawasiliano, wakaruhusu jaribio la mwaka mmoja. Yakafika hata mahakama, na mwaka 2015 mahakama haikuizuia.

Lakini tuangalie kile kilichofanyika kwa mteja mdogo, maana hapo njo kuko somo. Equity ilitangaza kwamba kutumiana feza kati ya konti zake ni bure, na kutuma inje yake ni bei ndogo. Mwezi wa saba 2014, wenye kusimamia mashindano ya biashara wakalazimisha Safaricom iache ajenti wa M-Pesa wafanyie na wengine kazi. Mwezi wa nane, Safaricom ikapunguza bei ya kutuma feza ndogondogo, kwa vipimo vingine hadi 67 kwa mia. Mama mwenye kutuma shilingi mia tano kwa mtoto wake shuleni alipata nafuu, hata kama hakubandika kadi nyembamba siku hata moja.

Na Equitel yenyewe? Ikawa ya pili nyuma ya M-Pesa kwa wingi wa feza yenye kupita ndani, lakini watu wake walibaki wachache kuliko wale wa M-Pesa. Wenye kuipenda walikuwa wale wenye kuwa na konti tayari, wafanyabiashara na wenye mshahara, watu wa kutuma feza nyingi kwa mara moja. M-Pesa haikuanguka. Mtu asiwaambie kwamba benki ikiingia, kampuni za telefone zinakufa.

Hapa kwetu iko namna gani

Congo hatukuwa na kadi nyembamba, lakini benki zimeingia kwa mlango mwingine. TMB, benki iliyozaliwa Lubumbashi mwaka 2004 na sasa iko mikononi mwa kundi la KCB la Kenya, iko na Pepele Mobile. Jina ni la Kilingala, maana yake kitu chepesi. Rawbank iko na Illicocash, na hiyo mtu anaweza kuifungua hata bila kuwa na konti ya kawaida pale Rawbank. EquityBCDC iko na huduma yake ya telefone pamoja na ajenti mu vitongoji na miji. Na FINCA, hata kabla ya hao wote kupata moto, ilianza kutumia ajenti wadogo mwaka 2011.

Zote zinafika kwa mteja kwa njia mbili. Ya kwanza ni programu ya kutia ndani ya telefone ya androidi, yenye kuomba intaneti. Ya pili ni kupiga nyota na namba, kama tunavyofanya tukitafuta unite, na hiyo inatembea hata ku telefone ndogo ya vifungo. Kwa kijiji, uliza kwanza kuhusu njia ya pili. Ajenti wa benki akifika na kuwaonyesha programu nzuri yenye rangi, mwambieni: "Sasa tuonyeshe na hii ya vifungo." Asipoweza, hiyo huduma ni ya watu wa mjini.

Hapo kuko udhaifu mmoja wa benki wenye kukaa palepale. Njia ya nyota na namba inapita ndani ya rezo ya Vodacom, Airtel, Orange ao Africell. Yaani benki inashindana sokoni na mtu mwenye kumiliki barabara ya kwenda sokoni. Ndiyo sababu Equity ya Kenya ilitafuta kuwa na rezo yake. Hapa, mkiona huduma ya benki inakatika kila mara ku namba ya kampuni fulani lakini inatembea vizuri ku ingine, badilisheni SIM kabla ya kumtukana ajenti. Na pale rezo haiko kabisa, yote tunayoandika humu haisaidie kitu. Tunajua kuko vituo vya kununulia kawa ambapo mtu anapanda kilima ili telefone ishike.

Kila mmoja anakula wapi

Kampuni ya telefone inakula wakati feza inatembea. Ukituma, inakata. Ukitoa, inakata. Feza ikilala, haipate sana kitu.

Benki inakula wakati feza inalala. Inachukua akiba ya watu elfu, inakopesha mfanyabiashara wa mjini, analipa na faida. Kwa hiyo benki inaweza kukufanyia kutuma kwa bei ndogo, hata bure, ikiwa tu feza yako inabaki ndani yake. Hapo mmepata jibu la lile ulizo la mwanzo: kile benki inatafuta ku kijiji ni akiba yenu. Hiyo si dhambi, ni kazi yake. Lakini mkijua hivyo, mnaweza kuuzisha.

Tufanye hesabu ndogo. Bei tunazotia ni za mfano tu, maana zinabadilika, na kila kampuni iko na kipimo chake. Tuseme koperative inalipa wakulima 200, kila mmoja 50 000 FC. Hiyo ni 10 000 000 FC. Kama kutuma kunakatwa 1 kwa mia, koperative inapoteza 100 000 FC. Kama mkulima akitoa anakatwa 2 kwa mia, wakulima wote pamoja wanapoteza 200 000 FC. Jumla 300 000 FC kwa siku moja ya malipo.

Wengi wakiona hivyo wanasema: heri tubebe cash. Ngojeni. Ile milioni kumi, ikiwa ni noti za 500, ni noti 20 000, yaani mafungu 200 ya noti mia moja. Nani ataibeba kutoka mjini? Kwa moto gani, na nani nyuma yake? Atalala wapi kama mvua inakata barabara? Andikeni gharama ya mafuta, ya mlinzi, ya vizuizi vya njiani, ya noti zenye kuwa pungufu mkihesabu tena usiku. Kuko koperative zenye kugundua kwamba cash inawagharimu kuliko ile 300 000. Kuko na zingine, zenye kuwa karibu na mji, zenye kuona kinyume. Kila moja ifanye yake, ku karatasi, mbele ya komite.

Na angalieni nani mwenye kulipa. Katika mfano wetu, mzigo mkubwa umeanguka juu ya mkulima akitoa feza. Anaona ameuza kilo kwa bei moja, lakini mkononi inafika ndogo. Msimu unaofuata atapeleka kawa yake kwa mnunuzi wa njiani mwenye kulipa cash, na koperative itabaki na majina ndani ya kitabu. Koperative ikitaka kulipa kwa telefone, iongeze ile ya kutoa juu ya malipo, ao ipange bei na benki mbele ya msimu. Benki yenye kutafuta akiba yenu itasikiliza koperative ya watu 600 kuliko itakavyosikiliza mtu mmoja. Tumezoea kupiga bei ya kilo moja ya maharagi nusu saa nzima, kisha tunapokea bei ya benki kama vile imeshuka kutoka mbinguni.

Feza ya koperative ndani ya namba ya mtu

Hapa tusimame kidogo, maana hapa njo koperative nyingi zinakaa vibaya.

Mara nyingi feza ya koperative inapita ndani ya M-Pesa ao Airtel Money ya prezida, ao ya kesiye. Ni namba yake, iliandikishwa kwa kadi yake ya uchaguzi, kode ya siri anaijua yeye peke yake. Anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Lakini tuseme amekufa ghafla. Kwa sheria, ile feza iko ya nani? Kampuni inaona jina la marehemu. Familia inaona urithi. Koperative haina karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba zile dola ni za wakulima wenye kungoja malipo. Ama tuseme hakufa, amepoteza telefone sokoni na kode iko imeandikwa nyuma ya karatasi ndani ya mfuko wa telefone. Mnacheka, lakini mnajua.

Angalieni MUSO na AVEC zetu. Wamama wenye kuweka akiba ndani ya sanduku wanajua vizuri: sanduku moja, funguo tatu, wenye funguo watatu, na hesabu inasemwa kwa sauti mbele ya wote. Namba ya telefone ya mtu mmoja ni sanduku lenye ufunguo mmoja, na hakuna mwenye kusikia hesabu.

Kwa upande huu benki iko mbele. Benki inazoea kufungua konti kwa jina la koperative yenyewe, na sahihi mbili ao tatu. Inaomba karatasi: statuti, cheti cha kuandikishwa kufuatana na sheria ya OHADA yenye Congo iliingia mwaka 2012, na PV ya mkutano mkuu yenye kuonyesha waliochaguliwa. Mkisha kuwa na ile konti, mkaunganisha telefone juu yake, ulizeni wazi: mtu mmoja anaweza kutuma peke yake, ao lazima wa pili akubali ku telefone yake? Huduma zingine za benki zinaruhusu mmoja atayarishe malipo na mwingine ayakubali. Zingine zinampa mmoja yote, na hapo mmerudi kwenye ufunguo mmoja hata kama jina ni zuri. Kampuni za telefone nazo ziko na konti za biashara, zenye kulipa watu wengi kwa mara moja. Ulizeni ulizo lilelile.

Mwanamke mwenye kuchuma, bwana mwenye kupokea

Jambo lingine lenye kusemwa kidogo. Wakati wa cash, mama alileta kawa ku kituo, akapimiwa, akapewa feza mkononi. Koperative ikibadilisha kuwa telefone, inaandika namba. Namba ya nani? Mu nyumba nyingi kuko telefone moja, na SIM iko kwa jina la baba. Ujumbe wa malipo unaingia ku telefone ya baba, yeye yuko mjini ao ku masanga, na mama mwenye kubeba kilo thelathini juu ya mgongo anasikia habari jioni.

Hakuna benki wala kampuni itakayowatengenezea hilo. Ni koperative. Wakati wa kuandika wanamemba, mwandikeni mwenye kuleta mazao, na msaidieni apate SIM kwa kadi yake mwenyewe. Kama hana telefone, kuko benki zenye kutoa kadi ya kutumia kwa ajenti, na mama anaweza kuweka kadi mahali anajua. Wengine watasema koperative inaingilia ndoa za watu. Tunafikiri kinyume: ile iliyokuwa inaingia mkononi mwake jana isipotee leo kwa sababu ya teknolojia.

Siku milango inafungwa

Wazee wakikataa benki, vijana wanawacheka. Wasicheke. Mwezi wa kumi na mbili 1979, serikali ya Mobutu ilitoa tangazo kwamba noti za 5 na za 10 zaire hazina tena kazi, na watu walipewa siku chache tu za kubadilisha. Mu vijiji, ambapo mtu aliweka ya mauzo yake yote chini ya kitanda, wengi walibaki na karatasi. Na mwaka 2016, karibu zaidi, BIAC ilikosa cash, ikawawekea wateja kipimo cha kutoa, hadi Banki Kuu ikaingia kuisimamia. Kati ya wenye kungoja mlangoni walikuwa wafanyakazi wa serikali wenye kupokea mshahara pale.

Kisha kuko yale ya mwanzo wa 2025. Vita ilipofika Goma mwezi wa kwanza, na Bukavu mwezi wa pili, benki zilifunga. Mwenye akiba benki hakuweza kuigusa pale alipo. Feza ya telefone iliendelea kutembea, na ndugu walio mbali waliweza kutuma. Lakini hata hiyo ikapata shida yake: ajenti anahitaji cash ya kutoa, na cash yake inatoka benki. Noti zikawa haba, na kutoa feza kukawa ghali kupita bei ya kawaida.

Kwa hiyo mtu akisema telefone inashinda benki kwa sababu haina mlango wa kufunga, amesema nusu. Zile mbili ni mti mmoja wenye matawi mawili, na mizizi ni benki. Kwa koperative, tunashauri akiba isikae yote mahali pamoja: sehemu ya msimu kwa benki, sehemu ya malipo ya juma ku telefone, na kidogo ndani ya sanduku kwa dawa na kwa maziko.

Mikopo, na kile benki inasoma

Miaka mingi benki imewaambia wakulima: hamna dhamana, hamna hesabu, hatuwezi kuwakopesha. Faida moja ya kupitisha mauzo ndani ya huduma ya benki ni kwamba hesabu inajiandika yenyewe. Misimu miwili ao mitatu ya malipo yenye kuingia tarehe zenye kueleweka ni kitu ambacho mwenye kutoa mikopo anaweza kusoma. M-Shwari ya Kenya ilifanya hivyo kwa mtu mmoja mmoja: iliangalia namna anatumia telefone na M-Pesa, ikampa mkopo mdogo.

Lakini mkopo wa telefone unapenda kuwa wa siku thelathini, na kawa haiive kwa siku thelathini. Mtu akikopa mwezi wa kupalilia na kulipa mwezi wa kupalilia, atauza mbuzi. Koperative ikiomba mkopo, iombe kwa jina lake, wenye kulipwa baada ya mavuno, na isikubali kwamba urahisi wa kupiga nyota uwe sababu ya kusaini.

Kabla ya msimu

Mambo machache ya kutengeneza wakati bado kuko nafasi. Ajenti wa karibu anabeba cash ngapi? Siku ya malipo, watu 200 wakija kutoa pamoja, atakwisha kabla ya saa nne asubuhi. Mwambieni juma moja mbele, ao lipeni kwa makundi, siku tofauti. Kuko koperative zenye kufikiri kuwa ajenti wao wenyewe: duka la koperative linapokea cash ya wenye kununua chumvi na sabuni, na ile cash njo yenye kutoka kwa wakulima. Inaingiza komisyo, inapunguza safari za mjini. Inaomba pia mtu wa hesabu safi na mlango mzuri, maana wezi nao wanasikia habari.

Chagueni dola ao franka kwa akili. Konti nyingi za telefone hapa zinabeba zote mbili. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa kama 930 FC. Mwaka 2024 ilipita 2 700 FC. Akiba ya miezi sita ndani ya franka inaweza kuliwa bila mwizi. Lakini kila mara mnabadilisha ndani ya telefone, angalieni kipimo chao mbele ya kukubali, mkilinganishe na kile cha mbadilishaji wa soko. Faida moja ndogo: dola ya telefone haina kona yenye kupasuka, na hakuna mtu atakayeigeuza juu chini na kusema "hii haipite".

Na mkibadilisha komite, nendeni benki ao kwa kampuni juma lilelile na PV mpya, mkabadilishe sahihi na kode. Mweke jambo hilo ndani ya agenda ya mkutano mkuu, mara tu baada ya uchaguzi, kabla watu hawajaenda kula.